Sufu Iliyobaki Mkononi

Mdogo wangu alipoingia karakana amevaa lile koti, nilijua kabla hajafunga mlango kwamba nitamlipiza. Sikujua lini wala kwa njia gani, na hilo halikunisumbua. Mimi si mtu wa kukurupuka. Kazi yangu imenizoesha kukaa kitako na kutenganisha kitu na kitu, unywele kwa unywele, mpaka ninachokitaka kibaki peke yake.

Niieleze kazi yenyewe kwanza, maana asiyeijua atasema nilipandwa na hasira kwa ajili ya nguo. Ngamia ana manyoya ya aina mbili. Ya juu ni singa, marefu na magumu, yanayozuia vumbi na upepo. Ya chini, yaliyojificha karibu na ngozi, ndiyo sufu, laini na nyepesi, na joto lake halina mfano. Baridi ikianza kuondoka ngamia hupukutisha yote kwa pamoja, mafungu mafungu, na wafugaji humchana na kuokota kinachoanguka. Wanatuletea magunia yenye singa, sufu, mchanga, miiba na kila takataka aliyoilalia mnyama. Hapo ndipo ninapoingia mimi, mchambuaji. Nakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, aproni nyeusi mapajani ili nione vizuri. Singa naziweka kushoto, zinakwenda kwa wasokota kamba. Sufu naiweka kulia, naisokota uzi, mdogo wangu anaufuma kwenye kitanda cha kufumia, na mkewe, wifi yangu, anashona, binti yao mdogo akicheza miguuni pake. Karakana ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama. Mama mwenyewe analala chumba cha nyuma.

Marehemu baba alituachia utaratibu mmoja: kinachobaki mkononi mwa mchambuaji kazi ikiisha ni chake. Ukisimama pale kigodani, viganja vyako vina utando mwembamba wa sufu, na hiyo ndiyo laini kuliko zote, kwa sababu singa haing'ang'anii ngozi, huanguka yenyewe. Wachambuaji wengine hujipangusa wakaenda zao. Mimi nilikuwa najikwangua polepole, naviringisha kile kidogo kama punje ya choroko, na kukitia kwenye foronya chini ya kitanda cha mama. Nilifanya hivyo miaka nenda miaka rudi. Foronya ya kwanza ilijaa, nikaanza ya pili.

Nilikuwa naikusanya kwa ajili ya mama. Mama alikuwa na baridi isiyotoka. Ngozi yake ilikuwa imekonda hata ukimshika mkono alama ya vidole inabaki. Blanketi la kondoo lilimwasha mpaka akatoka vipele vyekundu. La pamba halikumtia joto. Hata blanketi zetu wenyewe, tunazozisifia kwa wateja mpaka mate yanatukauka, hazikosi singa mbili tatu zilizoponyoka, na kwa mama singa moja ilitosha kumkosesha usingizi. Akawa analala na sweta, juu ya sweta shuka, juu ya shuka taulo, na bado meno yanagongana.

"Mama, nitakufumia blanketi lisilo na singa hata moja," nilimwambia.

"Haya," akasema. "Tuone kama utaniwahi."

Foronya ya pili ilipokaribia kujaa, binti yangu akajifungua, nikaenda kumwuguza. Nilikaa huko mpaka alipoweza kusimama na kujipikia. Niliporudi sikuvua hata viatu. Niliinama uvunguni mwa kitanda cha mama kuweka punje nilizokuja nazo mfukoni, sufu niliyoibandua kwenye nguo zangu za safari, maana mimi hata safarini natembea na sufu. Nikakuta foronya zote mbili zimekunjwa vizuri, bapa, hazina kitu.

"Mama, sufu iko wapi?"

Mama akageukia ukutani. Nikadhani anaona uchungu kama ninaouona mimi.

Kesho yake asubuhi ndipo mdogo wangu akaingia na koti.

Huyu mdogo wangu ndiye kitindamimba, na tangu utotoni watu wanamwita Waziri, kwa sababu hata alipokuwa na suruali moja aliipiga pasi. Mfumaji hodari, simnyimi haki yake. Lakini anapenda kuonekana kuliko anavyopenda kula. Koti lilikuwa refu, linafika magotini, rangi ileile aliyozaliwa nayo ngamia, kati ya mchanga na asali, halikutiwa rangi yoyote. Aligeuka mbele ya dirisha ili tulione mgongoni.

"Dada, vipi? Limenikaa?"

Nilisimama nikaishika ile mikono ya koti kwa vidole viwili. Uzi ulikuwa wa wifi yangu, umenenepa hapa, umekonda pale, umesokotwa kilegevu kama mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda sokoni. Lakini sufu ilikuwa yangu. Niliijua kama mama anavyomjua mwanawe kwa kumpapasa. Singa hata moja hamna.

"Sufu umeitoa wapi?"

"Nilinunua kwa mfanyabiashara," akasema, akitazama vifungo. "Alipita hapa wewe ukiwa kwa mtoto."

"Mfanyabiashara gani?"

"Mpita njia tu, dada. Hukuwepo."

Alidanganya vibaya, masikio yamemwiva. Wifi yangu akajifanya anatafuta sindano. Mimi nikarudi kwenye kigoda changu nikachambua. Damu ilikuwa inanichemka mpaka nikawa naweka singa kulia na sufu kushoto, ikabidi nianze upya.

Ningeweza kukusanya tena, mtu atasema. Kwa miaka mingine kama ile, sawa. Mama hakuwa na miaka ile. Kila nilipomsikia anatetemeka chumba cha nyuma, kitanda kinalia naye, nilimwona Waziri akitembea mtaani amejifungia joto la mama yetu mpaka shingoni. Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia ndugu yangu wa tumbo moja, nikamchukia kwa utulivu, kila siku na kazi yake. Aliponisalimia niliitikia kwa kidevu. Alipokuja na chai nilisema nimeshiba. Naye, jambo la ajabu, hakuuliza nina nini. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetaka kusema kitu halafu anameza. Nikasema moyoni, meza tu, utatapika.

Msimu ule chama cha wafumaji na wasokota kamba kilikuwa kinachagua mwenyekiti. Waziri aligombea. Mpinzani wake alikuwa Msokota Kamba, mzee mcheshi anayenunua singa zangu, ambaye koti lake lilikuwa na viraka kwenye viwiko na viraka juu ya viraka. Kila mtu alijua Waziri atashinda. Alikuwa anazungumza vizuri, na alikuwa na lile koti. Alilitundika kwenye msumari karibu na kitanda cha kufumia, na kila aliyeingia alimwonyesha.

"Sufu hii haioni maji ya moto," aliwaambia watu. "Unaipiga brashi, unaianika kivulini. Ukitaka kuiua, iloweke maji ya moto."

Sikuhitaji kuambiwa. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Siku ya kabla ya uchaguzi wifi alinijia na koti amelikunja kifuani, uso umempauka. Alikuwa amelimwagia mchuzi begani wakati anakaza kifungo.

"Wifi yangu, nisaidie," alinong'ona. "Akiona ataniua. Wewe ndiye mjuzi wa sufu."

"Lete," nikasema.

"Litatoka?"

"Litatoka lote. Nendeni zenu huko ukumbini mkapange viti. Mkirudi mtalikuta msumarini."

Akanishika mkono kwa shukrani. Sikuona haya hata kidogo. Walipoondoka nilifunga mlango wa uani, nikainjika sufuria kubwa ya maji, nikachukua beseni, kipande cha sabuni ya kufulia na ubao wa kusugulia.

Sufu haiogopi maji. Haiogopi joto peke yake, wala sabuni peke yake, wala kusuguliwa peke yake. Inaogopa vyote vikija pamoja. Kila unywele una magamba madogo ambayo jicho haliyaoni. Ukiutia maji ya moto na sabuni, magamba yanafunguka. Ukisugua, yanashikana. Ukimwaga maji baridi ghafla, yanafumba, na hakuna binadamu atakayeyaachanisha tena. Na uzi uliosokotwa kilegevu, kama ule wa wifi, unajikunja kupita wote.

Nilisugua. Mama mmoja jirani aliniuliza kwa juu ya ukuta ninafua nini kwa nguvu hivyo, nikamwambia ninafua deni, akacheka akadhani ni utani. Nililipiga lile koti kwenye ubao, na kila pigo nililipa jina. Hili la foronya ya kwanza. Hili la foronya ya pili. Hili la mfanyabiashara mpita njia. Hili la meno ya mama yanayogongana. Maji ya moto, maji baridi, maji ya moto tena. Nilifurahi! Miezi yote ile nilikuwa siisikii mikono yangu, na sasa niliisikia. Koti lilikuwa linajivuta ndani ya beseni kama linanikimbia, likawa zito, nene, nyuzi zimepotea zote, huwezi kuona mtande wala mshindio, kitambaa kimoja tu kilichoshikana. Lile doa la mchuzi lilitoka kweli. Ahadi yangu niliitimiza.

Nilibana maji, nikalikausha karibu na jiko, nikalipiga pasi, nikalitundika msumarini upande wa mgongo, nyuma ya taulo. Wifi aliporudi alichungulia bega tu, akapumua.

Asubuhi watu wa chama walikuja kumsindikiza. Walijaa mlangoni, Msokota Kamba mwenyewe akiwa mbele, maana wanaheshimiana. Waziri alikuwa ameshanyoa, amevaa shati jeupe, viatu vinang'aa. Alinyoosha mkono bila kutazama, akalichukua koti, akaingiza mkono wa kulia. Mkono wa koti ukaishia kwenye kiwiko.

Akautoa. Akaugeuza. Akaingiza tena, taratibu, kama kwamba kosa lilikuwa la mkono wake. Akaingiza wa kushoto. Mgongo ukamkaza mpaka mabega yakarudi nyuma, na pindo lililokuwa linafika magotini likamkaa kiunoni. Alijaribu kifungo. Kifungo na tundu lake vilikuwa havijuani tena.

"Waziri," akasema Msokota Kamba, "hilo koti ni lako au la mwanasesere?"

Watu wakavunjika mbavu. Hawakuwa na ubaya, lakini kicheko kikishaanza hakisikii la mtu. Mmoja akasema labda amekula sana tangu jana. Mwingine akasema ndivyo fundi anavyotangaza kazi yake. Wifi aliziba mdomo kwa mikono miwili, akanitazama. Mimi nilikuwa kwenye kigoda, nachambua. Nilikuwa nimeingoja saa ile kwa hamu na ilipokuja ilikuwa tamu, sidanganyi, ilikuwa tamu mpaka kooni.

Alilivua, akaliweka juu ya kitanda cha kufumia, akatoka na shati. Upepo ulikuwa mkali. Baadaye waliniambia kwamba alipopanda jukwaani alikuwa anatetemeka, akasahau maneno, mtu mmoja nyuma akapaza sauti "mwanasesere!" na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Msokota Kamba alishinda, viraka vyake na yote.

Waziri alirudi mchana. Alifunga mlango, akasimama mbele yangu.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Mbele za watu, dada? Siku ya leo?"

"Ningekuchagulia siku gani? Unajua kwa nini."

Akafungua mdomo. Nilikuwa tayari. Nilikuwa na maneno ya kukata maini, nimeyapanga miezi, nilitaka aseme tena habari za mfanyabiashara wake. Lakini aliutazama mlango wa chumba cha nyuma, akaufumba mdomo wake.

"Sawa," akasema. "Sawa, dada."

Akaketi kwenye kitanda cha kufumia, akaanza kufuma blanketi la mteja, pigo moja, kimya, pigo jingine. Nikasema hiyo ni dhamiri imemkaba. Nililichukua koti kutoka pale pembeni yake, hakunizuia, nikaingia nalo kwa mama.

Alikuwa amejikunyata chini ya taulo lake. Nilimtandazia lile koti kifuani. Lilikuwa nene kama mkeka wa kulalia na bado laini. Sufu ile hata ukiipiga haikasiriki.

"Mama, fungua macho. Sufu yako hii hapa."

Alipapasa. Vidole vyake vilipita kwenye kola, vikakuta kifungo, vikasimama.

"Hili si koti la Waziri wangu?"

"Lilikuwa."

"Umemvua?"

"Nimemvua."

"Na leo ndiyo siku yake?"

"Siku yake imekwisha, mama. Wamemchagua Msokota Kamba."

Alianza kulisukuma koti kwa viganja vyake dhaifu, analitoa kifuani. "Mrudishie. Mrudishie mwanangu, kuna baridi."

"Mama, ni sufu yako! Nimeikusanya mimi, kwa ajili yako. Yeye aliiiba hapo uvunguni ukiwa umelala."

"Nani kakwambia nilikuwa nimelala?"

Nilimtazama. Hakugeukia ukutani safari hii.

"Nilimwita mimi," akasema. "Nikamwambia avute foronya. Akakataa. Akasema dada ataniua. Nikamwambia dada yako niachie mimi. Nikamwapisha asikwambie, mpaka nife."

Kule mbele kitanda cha kufumia kilikuwa kinapiga, polepole. Nilikumbuka vile alivyokuwa ananitazama na kumeza. Miezi yote ile alikubali nimwone mwizi, nikamnyima hata salamu, nikamfanya kichekesho mbele ya chama kizima, na hata leo, neno moja lingemsafisha, akaliacha lipite.

"Kwa nini, mama?"

"Sufu kama ile nifunikwe mimi, halafu? Nikifa mtaikunja mtie sandukuni. Nani ataiona? Mwenzio anatembea mbele za watu. Nilitaka watu waone kitu kimetoka nyumbani kwangu."

"Na mimi? Kilitoka mikononi mwangu. Mbona hukuniuliza mimi?"

Mama alinitazama kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Wewe nikuulize nini, mwanangu? Wewe hukatai kitu."

Hasira niliyokuwa nimeilea msimu mzima ilikuwa bado nzima, ina nguvu zake zote, ila haikuwa tena na pa kwenda kule mbele. Ilisimama pale katikati ya chumba, ikageuka, ikamtazama yule kikongwe mdogo mwenye baridi kitandani.

"Mpelekee basi," akasema mama.

"Halimtoshi tena. Nimelifua kwa maji ya moto."

Alifumba macho. Alikuwa mke wa fundi maisha yake yote, hakuhitaji kuelezwa. Nikadhani analia. Kumbe alikuwa anapima.

"Limebaki kiasi gani?"

"Kiasi hicho ulichokishika."

"Basi litamtosha binti yake," akasema. "Mpelekee mtoto."

Na akalisukuma tena, kwa mikono yake miwili, kuelekea ukingo wa kitanda, litoke kwake liende kwao.

Nililidaka. Nikamfunika. Akalisukuma, nikamfunika tena. Nilimwingiza mkono mmoja kwenye koti, mkono ukaenea sawasawa, kisha wa pili, nikavuta pindo mpaka kwenye magoti aliyoyakunjia tumboni, nikalibana chini ya miguu yake pande zote mbili kwa nguvu, kama ninavyofunga gunia.

"Nimesema mpelekee mtoto!"

"Nimekataa," nikamwambia.

Alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. Kisha akaanza kunitukana. Akaniita mkaidi, akaniita roho mbaya, akasema amezaa nyoka. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nimekandamiza pindo la koti kwa viganja vyangu viwili, nikamwacha aseme. Sauti yake ikawa inapungua kidogo kidogo, na meno yake yakaacha kugongana. Miguu yake chini ya mikono yangu ilikuwa imeanza kupata moto. Aliendelea kunilaani mpaka usingizi ukamchukua katikati ya neno, na hata hapo sikuondoa mikono, nikihofia akiamka atalitupa.